Umelala Ikwiriri, umeamka Nangurukuru: kisa cha daraja letu

Najua nimepotea muda mrefu, BTP ilinimaliza. Wiki 8 za kusimama mbele ya watoto 70 si mchezo, mkono mmoja chaki, mwingine andalio la somo ambalo halifuatwi hata robo. Nimerudi chuoni salama, bumu halijaingia, maisha yanaendelea.

Leo nina deni la kulipa. Tulipokuwa tunakwenda kufundisha Nachingwea nilisafiri na rafiki yangu wa kozi, mtu wa Kahama. Hajawahi kukanyaga Kusini. Tukapanda basi Mbagala alfajiri, na kabla hatujafika Kibiti mwenzangu kashauchapa usingizi. Tukasimama Ikwiriri, watu wakanunua samaki wa kukaanga na maembe, yeye kalala. Tukavuka daraja, kalala. Kaja kushtuka Nangurukuru, anafuta mate, ananiuliza: "Hivi lile daraja mnalolisifia kila siku tumelifikia?"

Nikamwambia tumelipita zamani.

Akasema: "Ah, basi litakuwa la kawaida tu. Sikuhisi hata kitu."

Jamani! Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama. Nikanyamaza mpaka Lindi. Baadaye nilipofikiria nikaona hana kosa. Daraja zuri ni lile usilolihisi. Lakini mimi najua watu waliolihisi lilipokuwa halipo, na nikiwa mwanafunzi wa Historia sina kisingizio cha kukaa kimya. Kwa hiyo haya ndiyo ambayo ningemwambia siku ile kama nisingekuwa nimenuna.

Tuanze na mji wenyewe. Ikwiriri si mji mkubwa, ukipita na basi unaona maduka pande mbili za barabara, bodaboda, wauza samaki, misikiti, minazi, miembe, halafu umeisha. Lakini upo jirani na mto mkubwa kuliko yote nchini kwetu. Rufiji inakusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, inapita kwenye lile korongo la Stiegler ambako sasa kuna bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, kisha inashuka bondeni na kumwagikia baharini kwa matawi mengi yenye mikoko. Warufiji wameishi na mto huu kama mtu anavyoishi na mzee mkali anayemlisha. Maji yakijaa yanaleta tope zuri, yakipungua wanalima kwenye unyevu ule ule, kilimo wanachokiita mlau. Yakizidi yanabeba mpunga, nyumba na mbuzi. Ukimwambia Mrufiji kwamba mafuriko ni janga tu atakucheka, na ukimwambia ni neema tu atakucheka vilevile.

Na historia ipo hapa bwana, imejaa. Upande wa kusini wa mto, ukishavuka, kuna Mohoro. Wajerumani walikuwa na boma lao pale. Tarehe 4 Agosti 1905 ndipo walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe aliyetoa maji ya vita. Siku chache kabla, Wamatumbi wa Nandete walikuwa wameanza kung'oa pamba ya Mjerumani. Walidhani wakimnyonga mwenye maji mambo yataisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Moto ukaenda mpaka Liwale, mpaka kwetu Umwera, misheni ya Nyangao ikachomwa. Nyie mnaosoma Historia mnajua kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita hii. Mimi huwa nawaonea wivu. Sisi tunatumwa kukusanya notsi za kutoa kopi.

Sasa tazama. Watu wale wa 1905 walikuwa wanavuka mto huu kwa mitumbwi. Sawa, ilikuwa 1905. Lakini miaka 90 baadaye watu wa mikoa miwili mizima, Lindi na Mtwara, walikuwa bado wanavuka kwa kivuko pale Ndundu, kilomita chache kutoka Ikwiriri, na masika yakikolea kivuko nacho kinasimama. Hata Warufiji wenyewe, makao makuu ya wilaya yao yapo Utete, ng'ambo ya kusini. Mtu wa Ikwiriri akiwa na shida ya ofisi ya wilaya, mto kwanza.

Hapa ndipo namleta mjomba wangu.

Mjomba, kaka yake mama, ni mtu wa Ruangwa. Sisi Wamwera mjomba ni mtu mkubwa, si wa kuombwa vocha tu. Miaka ya 90 alikuwa utingo kwenye lori la kubeba mizigo kati ya Lindi na Dar. Anasema kiangazi safari ilikuwa siku 2 au 3 mambo yakienda vizuri. Masika ulikuwa unaaga nyumbani kama unakwenda Maka. Wenye uwezo walipanda meli, akina Canadian Spirit zilizokuwa zikienda Mtwara, na wengine walizunguka Songea na Tunduru, safari ya kuzunguka karibu nusu ya nchi ili ufike mahali ambapo kwa ramani ni kunyoosha mkono.

Ndundu anaikumbuka kwa foleni. Magari yanalala pale usiku, mchana, usiku tena. Kuna akina mama wanapika wali samaki, kuna wauza chai ya rangi, kuna wanaokodisha jamvi la kulalia. Mbu ni wengi mpaka, anasema, ukipiga makofi unaua kumi. Utingo kazi yake ilikuwa kulinda mzigo, kuchimba tope, kukata matawi ya kuweka chini ya matairi na kusukuma. Ikwiriri kwao ilikuwa kama Makkah ndogo. Ukishafika Ikwiriri, unanawa miguu, unakunywa soda, unajua sasa Dar ipo.

Mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño, babu yangu alikuwa Dar. Alipelekwa hospitali kwa meli kabla mvua hazijachachamaa. Mjomba yuko Lindi na lori. Taarifa ikaja kwa simu ya upepo, ikapita kwa watu watatu mpaka kumfikia: mzee kazidiwa, njoo. Wakaondoka. Kufika Ndundu, mto umejaa, maji yametoka kwenye kingo, barabara huijui iko wapi. Kivuko kimesimama. Mjomba alikaa pale siku 6.

Siku 6, na ng'ambo unaiona! Hilo ndilo analolirudia kila akisimulia. "Ningekuwa siioni ningevumilia." Siku ya 7 akamwachia dereva lori, akamlipa mwenye mtumbwi hela yote aliyokuwa nayo, wakavuka huku wanaangalia mamba. Akatembea na tope mpaka Ikwiriri, akadandia gari ya mkaa mpaka Dar. Akafika siku ya tatu baada ya mazishi. Maiti isingeweza kurudishwa Ruangwa, barabara yenyewe iko wapi? Babu akazikwa Dar na majirani na ndugu wachache wa mjini. Bibi yangu, mke wa marehemu, alikaa eda Ruangwa bila kuona hata sanda. Mama alikuwa msichana wa sekondari. Kaburi aliliona mara ya kwanza mwaka 2005, nikiwa mgongoni kwake.

Mpaka leo mjomba akipanda basi, mazungumzo yakiwa yamenoga kiasi gani, tukikanyaga daraja ananyamaza. Anasoma Fatiha. Ni mita 970 hivi, kwa basi ni kama dakika moja, inatosha Fatiha na Kulhuwallahu. Tukigusa upande wa pili anaendelea pale pale alipoishia, habari za Simba na Yanga.

Sasa swali lililonisumbua Nachingwea ni hili. Kwa nini ilichukua muda wote huo? Wazee wetu wana jibu moja tu, "Kusini tulitupwa". Mimi jibu hilo nililikulia, nikalikinai. Lakini pale shuleni nilipokuwa nafundisha kuna kitu kilinirudisha kwake. Kengele ya shule ni kipande cha chuma kinene kilichoning'inizwa kwenye mwembe, na mlinzi, mzee wa makamo, akaniambia kile ni kipande cha reli. Siku moja nafundisha Kidato cha Tatu uchumi wa kikoloni, kengele ikagongwa, mtoto wa nyuma akauliza: "Mwalimu, kwani Nachingwea treni ilikuwepo?"

Ilikuwepo! Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali ya Attlee ikaamua kulima karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari, kwa matrekta. Sehemu zikachaguliwa tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea, na katika mpango ule eneo kubwa kuliko yote lilikuwa huku kwetu, Jimbo la Kusini. Kazi ikaanza 1947. Kwa kuwa karanga zingehitaji kufika baharini, wakaanza reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, wakapandisha bonde la Lukuledi, na mwaka 1949 treni ikafika Nachingwea. Wakajenga na bandari mpya ya maji marefu Mtwara, iliyokamilika 1954, na reli ikaunganishwa nayo, baadaye ikafika hadi Masasi.

Karanga zenyewe, kama mjuavyo, hazikuota kama zilivyoota kwenye makaratasi. Januari 1951 London ikautangaza mradi umekufa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa kwenye vitabu. Mwaka 1962 reli ikafungwa kwa sababu haina mizigo, na vyuma vikang'olewa. Tulikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu.

Nawaomba msimame hapo kidogo. Kwa ajili ya karanga, ambazo hazikuwepo, reli ilijengwa kwa miaka kama 2 ikakata mabonde na misitu. Kwa ajili ya watu, ambao walikuwepo tangu enzi na enzi, daraja moja la Rufiji lilisubiri mpaka 2003. Na angalia ile reli ilielekea wapi: baharini. Haikupangwa kuvuka Rufiji wala kuungana na reli ya kati. Mwingereza hakuwa na haja ya mtu wa Nachingwea kufika Dar, alikuwa na haja ya karanga kufika Uingereza. Kwa hiyo ilipokufa, haikutuachia njia ya kwenda kwa wenzetu. Ilituachia kengele.

Najua kuna wadau wataniambia usimlaumu mkoloni kila siku, na sisi wenyewe je? Nakubali. Kati ya 1970 na 1975 tulijenga TAZARA na Wachina, kilomita 1,860 mpaka Zambia, mito na milima imo njiani. Kwa hiyo kushindwa kuvuka Rufiji hakukuwa kwa sababu ya mto. Lakini zipo sababu ambazo mtu wa haki lazima azitaje. Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilianza 1964 na Kusini yote ikawa mstari wa nyuma wa vita. Kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa hapa hapa Nachingwea, kwenye mashamba yale yale ya karanga. Watu bado wanaita Farm Seventeen, ni namba ya shamba la Waingereza. Samora Machel alifundishia wapiganaji hapo, na Mei 1975 aliondoka Nachingwea kuingia Msumbiji na kutembea nchi nzima mpaka Maputo, uhuru ukatangazwa tarehe 25 Juni. Nani angeweka viwanda na barabara za lami jirani na mto Ruvuma wakati Mreno anatega mabomu? Halafu vita ikaisha, ikaja miaka ya njaa ya hela, vita ya Kagera, foleni za sabuni. Kila mwaka kuna sababu nzuri. Ukizijumlisha sababu nzuri za miaka 40 unapata kitu ambacho wazee wanakiita kutupwa. Zamani nilidhani wanalalamika tu. Siku hizi naona wanafanya hesabu, ila wanakupa jibu bila kukuonyesha njia.

Basi, tarehe 2 Agosti 2003 daraja likafunguliwa na Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, likapewa jina lake. Fedha nyingine zilikuwa mikopo ya nje, ikiwemo ya Kuwait. Kuna watu walisema na wanasema mpaka leo kwamba kajijengea njia ya kwenda kwao. Mimi nasema poa, lakini wale wa kabla yake nao walikuwa na kwao, na njia zilikuwepo. Nilizaliwa mwaka ule ule, miezi michache kabla. Nyumbani wananitania kwamba mimi na daraja ni pacha, ila mwenzangu ameshafanya kazi, mimi bado nakula.

Lakini nisiwadanganye kwamba siku ya pili Kusini ikawa Ulaya. Ukishavuka tu, kutoka Ndundu mpaka Somanga kuna kilomita 60, na kipande hicho kilibaki vumbi na tope kwa takribani miaka 10 mingine. Mabasi yalikuwa yanakwama pale na daraja jipya linaonekana nyuma! Mimi mwenyewe nakumbuka nikiwa darasa la pili tulilala kwenye basi, mama akanifunga kanga kichwani kwa ajili ya mbu. Lami ilipokamilika ndipo mtu wa Ruangwa alipoanza kuamka alfajiri na kufika Dar siku hiyo hiyo. Bei ya saruji, madaftari, dawa, vyote vikaanza kufanana na vya watu wengine. Ufuta ukapata wanunuzi wanaokuja na magari yao. Timu za Ligi Kuu zikaanza kuja Ruangwa kwa basi kucheza na Namungo, jambo ambalo ungemwambia mjomba mwaka 1998 angekupima homa.

Waliopoteza nao wapo, hawatajwi. Wale akina mama wa wali samaki wa Ndundu, wenye mitumbwi, wakodisha majamvi. Foleni iliyokuwa mateso yetu ilikuwa duka lao. Mjomba anasema mmoja wao alimkopesha chai siku zote 6 za mwaka ule, na alipokuja kumlipa baada ya mwezi alikataa kupokea. Baada ya daraja hakumwona tena. Alimuulizia Ikwiriri, wakamwambia kahama.

Halafu 2024. Aprili Rufiji ilijaa vibaya, mashamba na vijiji vikafunikwa, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Daraja la Mkapa halikutikisika. Lakini mbele yake, huko Somanga na njia ya Kilwa, maji yalikata barabara sehemu kadhaa, lami ikakatika kama keki, na mawasiliano ya Dar na Kusini yakafa. Mabasi foleni huku, malori foleni kule. Kwa siku kadhaa sisi watoto wa Lindi na Mtwara humu chuoni tulikuwa tunashinda kwenye simu. Mama alikuwa amekuja kuniona, akakwama kwangu Mbagala kwa shangazi. Nikampigia mjomba nikiwa na wasiwasi. Akacheka sana. "Umeiona sasa? Miaka yote nawasimulia mnadhani hadithi." Halafu akanyamaza, akauliza mama yako anakula vizuri, nani yuko naye, kaburi mmekwenda?

Tulikuwa hatujaenda. Kesho yake tukaenda, mama na mimi. Mtu aliyezikwa Dar kwa sababu ya maji, akapata wageni kwa sababu ya maji.

Wakati wa kurudi kutoka BTP mwezi uliopita, yule rafiki yangu wa Kahama alikaa dirishani. Nilikuwa nimeshamsimulia ya mjomba, na alikuwa amekula kwao Ruangwa, korosho amebeba kilo 5. Toka Somanga akawa ananiuliza kila mto, "ndilo hili?" Si hili. "Hili?" Si hili, tulia. Tulipofika akatoa simu kupiga picha. Basi lilikuwa mwendo mkali, picha imetoka vyuma vya pembeni tu na kidole chake. Maji hayaonekani kabisa. Akasema ataipiga tena mwakani.

Haya wadau, kesho nina tesiti saa 2 asubuhi na sijagusa daftari. Mliovuka Ndundu kwa kivuko, au wazazi wenu walivuka, naomba mnisimulie, hasa kama kuna mtu anamjua yule mama wa chai.